Mtoto wa Kuasili Mwenye Virusi: Mambo Tunayoyachanganya

Tangu habari za sindano ya lenacapavir zianze kuvuma, wale wachache wanaojua mambo ya nyumba yangu wananiuliza swali moja: "Si sasa kuna sindano? Mbona mtoto bado anameza vidonge?" Wanauliza kwa nia njema. Wamesikia redioni kwamba sindano mbili kwa mwaka zinatosha, na wanamhurumia mtoto na vidonge vyake vya kila jioni.

Jibu ni fupi. Sindano hiyo, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza Julai 2025 na ambayo Kenya ni mojawapo ya nchi za kwanza kuchaguliwa kuipokea, ni ya kumkinga mtu ambaye hana virusi vya Ukimwi (VVU). Mtoto ambaye tayari anavyo anaendelea na dawa zake kama kawaida.

Ila swali hilo haliji peke yake. Linakuja na ndugu zake: kama anaruhusiwa kucheza na wenzake, kama mahakama ilijua, kama mwalimu ameambiwa, kama ataishi. Mimi ni mama wa kuasili, naishi Eastlands hapa Nairobi, na binti yangu ana VVU. Jina lake silitaji, na langu silitaji pia, maana ukilijua langu umelijua lake. Naomba niyafungue mafundo haya moja baada ya jingine.

Tuanze na maneno yenyewe. VVU ni virusi. Ukimwi ni hali inayofuata virusi vikiachwa vitafune kinga ya mwili mpaka magonjwa nyemelezi, kama kifua kikuu na nimonia kali, yapate upenyo. Mtoto anayetumia dawa vizuri ana VVU lakini hana Ukimwi, na anaweza kuzeeka bila kuupata. Mtaani vyote tunaviita "ukimwi", ndiyo maana mtu anamwona mtoto mwenye afya yake akiruka kamba, halafu anamtazama kama mgonjwa anayesubiri siku yake.

Kuasili nako kunachanganywa. Ukimchukua mpwa aliyefiwa ukamlea pamoja na wanao, hujamwasili. Wewe ni mlezi, kama walivyo nyanya na shangazi wengi nchini. Kuasili ni shughuli ya mahakama. Amri ikishatolewa, mtoto anakuwa wako kisheria kama uliyemzaa, anarithi kama wengine, na jina lake linaingia katika rejista ya watoto walioasiliwa inayotunzwa na Msajili Mkuu. Kwa Waislamu, Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua kafala, ambapo mtoto analelewa kikamilifu huku nasaba yake ikibaki ilivyo. Kwa sisi wengine, mtoto lazima awe ametimiza angalau wiki 6, shirika la kuasili lililosajiliwa liwe limemtangaza kuwa huru kuasiliwa, na awe amekaa na wazazi watarajiwa miezi 3 mfululizo kabla kesi haijapelekwa mahakamani. Mzazi naye awe na miaka 25 au zaidi, asiwe amefika 65, na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Hakuna mahali sheria inaposema mtoto mwenye VVU haasiliwi. Mahakama inataka kujua kama utamlea vizuri.

Kinachowakwamisha wengi kinatokea kabla ya mahakama, kwenye kipimo.

Mtoto mchanga ameachwa hospitalini, au ameokotwa kando ya njia akapelekwa kituo cha polisi, kisha makao ya watoto. Anapimwa kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu, mistari miwili inatokea. Kuanzia hapo neno linasafiri: "Huyo ana virusi." Wazazi waliokuwa wameshampenda wanaomba waonyeshwe mwingine. Nimekutana na wanandoa waliofanya hivyo, na siwalaumu sana, kwa sababu hakuna aliyewaeleza kile kipimo kinasema nini.

Kipimo hicho hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, zile chembechembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi. Mama mwenye VVU humpitishia mtoto kingamwili zake angali tumboni, na zinaweza kubaki katika damu ya mtoto hadi miezi 18. Kwa hiyo mistari miwili kwa mtoto wa miezi 2 inatupa habari za mama yake. Za mtoto mwenyewe hatujazijua bado. Bila dawa zozote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na mama wenye VVU na kunyonyeshwa, wanaoambukizwa ni kati ya 15 na 45. Mama akitumia dawa vizuri, hawafiki 5. Yaani hata pale ambapo mama hakuwahi kukanyaga kliniki, watoto wengi zaidi hubaki bila virusi.

Kipimo cha mtoto mchanga ni PCR, kinachotafuta virusi vyenyewe. Muuguzi anamchoma kisigino, anadondosha damu kwenye viduara vya karatasi maalumu, karatasi inaachwa ikauke kisha inapelekwa maabara. Kwetu Kenya ratiba ni wiki 6, miezi 6 na miezi 12, halafu kipimo cha kingamwili akifika miezi 18, wakati zile za mama zimeshakwisha na kinachoonekana ni chake. PCR ikisema anavyo, dawa zinaanza mara moja huku sampuli ya pili ikienda kuthibitisha. Hakuna kungoja.

Kwa hiyo ukienda kuonana na mtoto makaoni, usiridhike na "anavyo" au "hana". Uliza amepimwa kwa kipimo gani, akiwa na umri gani, na karatasi iko wapi. Kama ni kipimo cha haraka peke yake, na mtoto hajafika mwaka na nusu, hujaambiwa kitu.

Wangu alikuwa navyo kweli. PCR ya kwanza na ile ya kuthibitisha zilisema hivyo kabla hatujamjua, na alikuwa ameshaanzishiwa dawa. Hilo la kuanzishwa mapema ndilo lililomfikisha kwetu akiwa na mashavu. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini, ambao matokeo yake yalichapishwa 2008, ulionyesha kwamba kuwapa watoto wachanga dawa papo hapo, bila kungoja waugue kwanza, kunapunguza vifo kwa asilimia 76. Bila dawa kabisa, takriban nusu ya watoto walioambukizwa hawafiki miaka 2.

Omba na faili la afya, lote. Unataka matokeo ya kila kipimo, dawa ya kinga aliyopewa alipozaliwa kama alipewa, dawa alizoanzishiwa na tarehe zake. Daktari atazihitaji siku dawa zikigoma, kwa sababu virusi vilivyowahi kuonja dawa fulani kwa kulegalega huweza kuizoea. Sisi tulikabidhiwa kadi ya chanjo na kurasa chache zilizopigwa pini. Mengine tuliyafukuzia wenyewe, dirisha hadi dirisha.

Watu hudhani sehemu ngumu ni dawa. Zamani ilikuwa hivyo. Walezi waliotutangulia wanasimulia sharubati ya lopinavir, chungu kama shubiri, mmoja akishika mikono ya mtoto na mwingine akibana pua, na nusu ya dawa ikiishia kwenye leso. Mwishoni mwa 2020 kidonge cha watoto cha dolutegravir chenye ladha ya stroberi kiliidhinishwa, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kukianzisha mwaka uliofuata. Unakitia kwenye maji kidogo, unakoroga mpaka kiyeyuke, anakunywa. Chini ya kikombe hubaki unga. Unaongeza kijiko cha maji, unazungusha, anamalizia. Wangu alikuwa akilamba kijiko na kuuliza kama kuna kingine. Katika hospitali za umma dawa hizi ni bure.

Sasa, mtoto akishakunywa dawa miezi kadhaa, anapimwa kiwango cha virusi. Majibu yakija chini ya nakala 50 katika mililita moja ya damu, tunasema virusi havionekani. Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa unapoanza, maana kwa mtu wa kawaida kisichoonekana hakipo. Fikiria ndago shambani. Ukilima vizuri, juu hakuna jani hata moja, na jirani akipita anasema shamba lako ni safi. Lakini vile viazi vyake vidogo viko chini ya udongo, vimelala. Ukiacha jembe wiki mbili tatu, shamba zima linarudi kijani. Virusi navyo hujificha ndani ya chembe za mwili zilizolala, mahali ambapo dawa haivifikii. Dawa inazuia vile vinavyochipuka, kila siku. Ikiachwa, vinarudi.

Ndiyo maana naogopa sana yule mchungaji anayetangaza kwamba mtoto ameponywa kwa kuwa "vipimo vimetoka safi". Vipimo vimetoka safi kwa sababu ya dawa. Tuliokuwa watu wazima 2011 tunakumbuka safari za Loliondo, Wakenya wakivuka mpaka wa Tanzania kwa mabasi na magari ya kukodi kwenda kunywa kikombe cha dawa ya Babu, mzee aliyesemekana kuponya, kwa shilingi 500 za huko. Wapo waliorudi wakaacha dawa zao za VVU (ARV). Ombeni, na mtoto aombewe, mimi mwenyewe namwombea. Ila baada ya amina, kidonge.

Virusi visivyoonekana vina maana nyingine kubwa. WHO ilisema wazi mwaka 2023 kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani, na anaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake wa kitandani. Hatari ni sufuri. Hili linajibu swali ambalo shangazi wa upande wa mume wangu alilitoa mtoto akiwa bado anavaa nepi: "Na ataolewa?" Akitaka, ataolewa. Atazaa pia, na kwa dawa na kliniki watoto wake wanaweza kuzaliwa bila virusi.

Nyumbani hata hatuhitaji kufika huko. VVU haviambukizwi kwa kikombe, sahani, beseni, taulo, choo, kukumbatiana wala kikohozi. Mate hayaambukizi. Mbu haambukizi, kwa kuwa virusi haviwezi kuzaana ndani yake, na anapokuuma anakutemea mate yake tu, damu ya aliyeumwa kabla yako haiingii. Mtoto akianguka akachubuka goti, unavaa glavu au unashika kwa mfuko safi, unaosha, unafunga. Hivyo ndivyo inavyopaswa kufanywa kwa damu ya mtoto yeyote, kwa sababu hujui aliyonayo mwenzake.

Haya yote yako kwenye mabango ya hospitali tangu enzi za Moi kutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, 1999. Watu wanayajua. Waulize, watakujibu vizuri kabisa. Kisha siku moja tuko kwa jamaa, watoto wamepangwa kwenye mkeka wanakunywa chai kwa vikombe vya bati, na wangu analetewa cha plastiki cha waridi. "Ni cha wageni," mwenye nyumba akasema. Baada ya chai vikombe vya bati vikarudi kwenye kichanja cha vyombo, na kile cha waridi kikasuuzwa peke yake, kwa maji ya moto, kikawekwa juu ya friji. Mwenye nyumba huyo ana diploma ya uuguzi. Sikusema kitu mbele ya watoto. Tulipoagana nilimwambia mlangoni kwamba tukija tena, sote tutakunywa kwa plastiki au sote kwa bati. Tulirudi, na kilikuwa bati.

Nimeisimulia hiyo kwa sababu unyanyapaa wa Nairobi ya leo hauna matusi. Una adabu. Hautakwambia utoke, utakupa kikombe kizuri zaidi.

Na huku nje kuna mtu mmoja anayetukanwa bila kuwepo: mama mzazi. Watu wakisikia mtoto ana virusi na aliachwa, wanaikamilisha hadithi wenyewe. Alikuwa malaya, alijua, akamwambukiza makusudi, akamtupa. Virusi hupita kwa mtoto wakati wa ujauzito, wakati wa kujifungua au kwa maziwa ya mama, pale dawa zinapokosekana. Zinakosekana kwa sababu za kawaida sana: msichana alificha mimba, hakufika kliniki, aliogopa mumewe angejua, alipima mapema akawa hana halafu akaambukizwa akiwa na mimba kubwa. Mimi simjui mama aliyemzaa binti yangu na huenda nisimjue kamwe. Lakini najua binti yangu ni damu yake, na kila neno chafu linalosemwa juu ya mama huyo, mtoto atalipokea kama habari zake mwenyewe.

Nifike sasa kwenye fundo ambalo vitabu vya malezi ninavyovijua havilifungui vizuri, kwa kuwa vya kuasili vinaandikwa upande mmoja na vya VVU upande mwingine.

Wazazi wengi wa kuasili hapa kwetu huficha kwamba wameasili. Wengine huvaa mito tumboni miezi kadhaa ili majirani waamini. Wanaweza kuificha siri hiyo miaka mingi kama mtoto hana virusi. Kama anavyo, haiwezekani, na sababu ni rahisi. Mtoto wa miaka minane anayekwenda kliniki anafundishwa, tena vizuri, kwamba watoto wengi wenye VVU huzaliwa navyo, vikitoka kwa mama. Anarudi nyumbani anakutazama. "Mama, kwa hiyo ni wewe ulinipa?" Ukisema ndiyo, umedanganya na umejitwika lawama isiyo yako, na siku moja ataona vidonge ni vya mtu mmoja tu nyumbani. Ukisema hapana, atauliza basi ni nani. Kumwambia habari za virusi ni kumwambia habari za kuasiliwa, upende usipende.

Kwa maoni yangu, basi, ya kuasiliwa itangulie, tena mapema mno, kabla hajajua kwamba ni jambo la kushtua. Sisi tulianza akiwa hajaweza hata kutamka vizuri. Tulimwambia kwamba kuna mama aliyembeba tumboni, kuna mahali alipokaa akatunzwa, na kuna siku tuliyoenda mbele ya hakimu akawa wetu. Alilichukulia kama hadithi ya jinsi tulivyohamia nyumba hii.

Ya virusi huenda kwa ngazi. Mwongozo wa WHO wa 2011 unasema watoto wa umri wa shule waambiwe hali yao, na walio wadogo waandaliwe pole pole kwa kadiri ya akili zao. Wahudumu wa hapa kwetu huanza na mtoto wa miaka mitano hivi kwa kumwambia kuna mdudu kwenye damu na dawa inamlaza. Jina la mdudu hutajwa baadaye, na wengi hulenga mtoto awe anajua yote akifika miaka 10 hadi 12. Ukichelewa, ataambiwa na mwingine: mtoto wa jirani, bango la ukutani, au somo la sayansi ambapo jina la dawa yake litatajwa mbele ya darasa. Waliojua hivyo wana hasira ambayo haiviendei virusi. Inawaendea waliowalea.

Kliniki nayo ina mtihani wake kwa mama kama mimi. Kwenye foleni kila mtu anajua, au anadhani anajua, kwamba mimi ndiye niliyempa. Mhudumu mgeni huniuliza kwa upole, "Na wewe mama, dawa zako unachukulia wapi?" Mwanzoni jibu lilikuwa limekaa ulimini tayari: mimi sina, huyu ni wa kuasili. Siku moja nikajisikia nikilisema huku mtoto amenishika sketi, na nikasikia linavyosikika kutoka kule chini alipo. Nimejitakasa mimi, na yeye nimemwacha peke yake na virusi vyake na habari ya kwamba si wangu. Siku hizi anayehitaji kujua kwa ajili ya matibabu namwambia pembeni. Wengine nawaacha wadhani. Nimegundua ukidhaniwa una virusi hupungukiwi na chochote ila salamu za watu fulani.

Foleni zenyewe zinabadilika. Tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025, vituo vingi vimeziunganisha huduma za VVU na za wagonjwa wa kawaida. Kuna faida: hukai tena kwenye lile benchi lililokuwa likijulikana na kila mpita njia. Kuna hasara pia: mshauri aliyemjua mtoto kwa jina, aliyejua ameambiwa mpaka wapi na hajaambiwa nini, hayupo. Daktari mpya anaweza kufungua faili na kulitamka jina la ugonjwa mbele ya mtoto ambaye bado anaujua kama mdudu. Mimi huingia kwanza peke yangu, nasema dakika moja, kisha namwita.

Kuhusu shule, tumetoka mbali, na haikuwa kwa hiari. Elimu ya msingi ilipofanywa bure 2003, shule za umma jijini ziliendelea kuwakataa watoto wa makao ya Nyumbani kule Karen, yaliyoanzishwa 1992 na padri Angelo D'Agostino kwa ajili ya watoto wenye VVU. Makao yakaenda mahakamani, na Januari 2004 wakubwa wakakubali watoto waandikishwe. Miaka miwili baadaye Bunge likapitisha sheria ya kuzuia na kudhibiti VVU na Ukimwi ya 2006, ambayo inakataza shule kumnyima mtoto nafasi, kumfukuza au kumtenga kwa sababu ya hali yake, na ikaunda baraza maalumu la kusikiliza kesi za ubaguzi wa namna hiyo.

Halafu Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaagiza watoto wa shule wenye VVU waorodheshwe, ili serikali ipange huduma. Nia ilikuwa kusaidia. Shirika la kutetea haki la KELIN, pamoja na wenzake, likapinga, na Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba agizo hilo lilivunja Katiba. Huwa nautaja uamuzi huo kila mtu anaponiambia, "Lakini mwalimu ana haki ya kujua." Kama Rais hakuruhusiwa kuwa na orodha, mwalimu wa darasa la pili anaitakia nini?

Hapa watu hunishika mashati. Wananiambia, si wewe unayepinga unyanyapaa, mbona unaficha? Mtoto si anajifunza aibu? Swali ni zuri. Ninachojibu ni kwamba habari za damu yake ni zake. Mimi nimezishika kwa niaba yake tu, mpaka awe na akili ya kuamua nani ajue, na nikishamwambia mtaa mzima leo hatakuwa na la kuamua kesho. Nyumbani tunaongea kwa sauti ya kawaida, dawa iko mezani karibu na chumvi, kaka zake wanajua kuyeyusha. Tulipokuwa na msaidizi wa nyumbani tulimfundisha, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimpa tukichelewa kwenye foleni ya magari. Mwalimu hampi dawa. Kidonge ni mara moja kwa siku, jioni. Kwenye fomu ya shule, pale palipoandikwa "magonjwa sugu", tuliandika jina la daktari wa kupigiwa simu na tukaishia hapo.

Kitakachotupima ni ujana, na madaktari hawafichi hilo. Mtoto aliyemeza dawa miaka kumi bila kukosa anaweza kuziacha akiwa na miaka 15, kwa sababu amechoka, au ana rafiki mpya, au amepelekwa bweni ambako kopo la vidonge linalia kama kayamba kila akifungua sanduku. Vijana hujaza pamba ndani ya kopo lisilie. Wengine huvitoa vidonge na kuvikunja kwenye karatasi, na unyevu unaviharibu. Kenya ina mpango wa vijana unaoitwa OTZ, wa sufuri tatu: kutokosa tarehe hata moja ya kliniki, kutokosa dozi hata moja, na virusi visionekane. Nguvu yake ni kwamba wanakutana wenyewe kwa wenyewe, na msichana wa miaka 17 akisema amechoka na dawa, anayemjibu ni wa miaka 18 aliyechoka pia.

Binti yangu anataka bweni. Amesikia kutoka kwa binamu zake kwamba huko kuna sinema Jumamosi. Kuna shule ambazo dawa hukaa kwa muuguzi, nyingine kwa matroni, na kuna zinazomruhusu mwanafunzi kufungia zake sandukuni na kubaki na ufunguo. Tumekubaliana kwamba fomu ya bweni tutaijaza pamoja naye, na pale panapotaka jina la mtu wa kuambiwa, jina atalitaja yeye.